Mnorwei aliyewaandika kuku daftarini

Wasomaji wetu wengi, walio nyumbani na tulio nao huku ughaibuni, wamekulia kwenye ua wenye kuku. Wanajua kwamba ukimwaga mtama au makombo ya wali yuko tetea mmoja atakayefika na wenzake wakampisha, na yuko mwingine atakayezunguka pembeni akingojea masazo. Bibi zetu walilijua jambo hili siku zote. Aliyelitia katika daftari na kulifanyia hesabu ni Mnorwei mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, na tumeona tumweleze leo kwa sababu yaliyomkuta yeye hayako mbali na aliyoyaona bandani.

Alizaliwa tarehe 12 Novemba 1894 katika mji wa Kristiania, ambao tangu 1925 unaitwa Oslo. Baba na mama wote wawili walikuwa wachonga sanamu. Kijana wao yeye alipenda kuku. Tangu alipokuwa na miaka 10 hivi alikuwa akiandika nani kamdonoa nani na nani kakimbia, siku baada ya siku, mpaka akawajua mmoja mmoja kama mwalimu anavyowajua wanafunzi wake.

Alichokigundua ni hiki. Kuku wawili wasiojuana wakikutana, ama watapigana ama mmoja atasalimu amri bila ya vita. Baada ya hapo mambo yamekwisha: aliyeshinda ana haki ya kumdonoa mwenzake, na aliyeshindwa harudishi. Hawapigani tena kila asubuhi, maana wanakumbukana, na mara nyingi kutazamwa tu kunatosha mdogo akaondoka. Basi kundi zima lina daraja, kuanzia yule anayewadonoa wote mpaka yule maskini anayedonolewa na kila mtu. Wa juu hula kwanza na huchagua pa kulala. Majogoo wana daraja zao na matetea zao.

Lakini ngazi hiyo haikunyooka siku zote. Aliona mara nyingine kuku watatu wakizungukana: wa kwanza anamdonoa wa pili, wa pili anamdonoa wa tatu, na huyo wa tatu anamdonoa wa kwanza! (Wanasiasa wetu wangeielewa hesabu hiyo bila ya kufundishwa.) Tetea mwenye vifaranga naye hubadilika kabisa, yule aliyekuwa akikimbizwa juzi huvimbisha manyoya akamkabili hata aliyemzidi cheo. Na jogoo aliyepinduliwa, alimweleza kama mfalme aliyeng'olewa kitini: kichwa chini, mbawa zimelegea, ijapokuwa mwilini hana jeraha kubwa. Sisi tuliowaona mawaziri waliofukuzwa kazi kwa tangazo la redio, sura hiyo tunaijua.

Kazi hiyo ndiyo iliyompa shahada ya udaktari mwaka 1921, na mwaka 1922 ikachapishwa kwa Kijerumani. Shahada yenyewe, hata hivyo, haikutoka kwao. Ilitoka Chuo Kikuu cha Greifswald, Ujerumani.

Kwa nini Ujerumani? Hapa ndipo pana kisa. Pale Kristiania alikuwa karibu na Profesa Kristine Bonnevie, mwanamke wa kwanza kuwa profesa katika Norwei, aliyepata cheo hicho mwaka 1912. Bibi huyo alikuwa msomi mkubwa, na njia aliyopita haikuwa rahisi. Kwa masimulizi ya familia ya Schjelderup-Ebbe, gazetini ilitokea makala ya kumkejeli profesa, na kijana akadhaniwa ndiye mwandishi. Mlango ukafungwa. Alipotaka udaktari katika nchi yake akakataliwa. Hatutaki kumhukumu marehemu asiyeweza kujibu, lakini kwa maoni yetu adhabu ilikuwa kubwa kuliko kosa, na kosa lenyewe ni la kudhaniwa tu. Wenye kalamu wengi waliomo katika nchi za watu wameondoka kwao kwa makala moja.

Nje alisikilizwa. Mwaka 1935 Wamarekani walimpa sura nzima juu ya maisha ya ndege katika kitabu chao kikubwa cha saikolojia ya jamii, na huko Chicago Profesa Warder Clyde Allee na wanafunzi wake waliendeleza utafiti wa daraja hizo. Yeye mwenyewe aliendelea kuandika, pamoja na mashairi.

Mwaka 1969 wataalamu wa Australia walitoa taarifa ya kuku waliorudi porini katika kisiwa cha North West, Queensland, bila ya banda wala mfugaji. Waliona jogoo mkubwa akishika eneo lake pamoja na matetea wake, na tetea anayeatamia akijitenga na kundi, kisha akalea vifaranga peke yake. Daraja zilikuwepo huko vilevile. Kwa hiyo haikuwa tabia iliyoletwa na ufinyu wa banda.

Mwaka 1973 Tuzo ya Nobeli ilikwenda kwa Karl von Frisch, Konrad Lorenz na Nikolaas Tinbergen kwa elimu ya tabia za wanyama. Schjelderup-Ebbe alikuwa hai, akikaribia miaka 79. Alifariki mwezi wa Juni 1976, na udaktari wake ukabaki ni ule wa Greifswald.