Motonori Matuyama na Mawe Yaliyoelekea Kusini

Mmekwisha kujifunza kwamba sindano ya dira huelekea kaskazini kwa sababu dunia yetu ina nguvu ya sumaku, kana kwamba sumaku kubwa imefichwa ndani yake. Mabaharia wameitegemea nguvu hiyo kwa karne nyingi, wala hawakuwa na sababu ya kudhani kwamba iliwahi kugeuka. Habari hii ni ya mtaalamu wa Japani aliyeonyesha kwamba zamani za kale, kabla hapajakuwa na dira wala baharia, sindano hiyo ingalielekea kusini.

Motonori Matuyama alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1884 katika kisiwa cha Kyushu, kusini mwa Japani. Baba yake alikuwa mkuu wa hekalu la Kibudha. Alisomea ualimu mjini Hiroshima, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Kyoto, ambako alimaliza masomo ya fizikia mwaka 1911. Mwaka 1919 alikwenda Chicago, Marekani, akachunguza jinsi barafu inavyoweza kupindika bila kuvunjika. Aliporudi kwao alifanywa profesa mjini Kyoto mwaka 1922.

Ili kuifahamu kazi yake kubwa, yafaa kwanza kulijua jiwe alilolichunguza. Jiwe hilo huitwa basalti. Ni jiwe jeusi na zito, linalotokana na lava, yaani mawe yaliyoyeyuka na kutoka katika volkano. Ndani ya basalti zimo chembe ndogo sana za madini ya chuma.

Sasa fikirini sindano ya chuma iliyosuguliwa kwa sumaku. Mwalimu akiishika kwa koleo na kuichoma mpaka iwe nyekundu sana, nguvu yake ya sumaku hutoweka, nayo haivuti tena vumbi la chuma. Zile chembe zilizo katika lava ya moto nazo ziko vivyo hivyo. Hazina mwelekeo wowote. Lakini lava inapopoa na kuwa jiwe, chembe hizo hupata usumaku kidogo, na usumaku huo huelekea upande ule ule ambao nguvu ya dunia inaelekea siku hizo. Tangu hapo hubaki hivyo, hata ikipita miaka milioni. Kila jiwe la volkano, basi, ni dira iliyoganda.

Mfaransa mmoja, Bernard Brunhes, alikuwa ameyachunguza mawe ya namna hiyo katika nchi yake. Mwaka 1906 alitangaza kwamba ameona lava, na udongo uliochomwa na lava hiyo, ambavyo usumaku wake ulielekea kinyume na dira. Wengi waliona kuwa ni jambo la ajabu tu la mahali pamoja.

Mwaka 1926 Matuyama alichukua jiwe la basalti katika pango la Genbudo, magharibi mwa Japani, mahali penye nguzo za mawe zilizosimama kama miti iliyopandwa kwa karibu. Alipolipima aliona kwamba usumaku wake ulielekea karibu kinyume kabisa na dira. Je, lilikuwa jiwe moja lililoharibika? Matuyama hakutaka kubahatisha. Alikusanya mawe zaidi ya 100 kutoka sehemu 36 za Japani, Korea na Manchuria. Kazi hii yataka uangalifu mkubwa: kabla jiwe halijang'olewa lazima litiwe alama kuonyesha upande wa kaskazini na upande wa juu, kwani jiwe lisilo na alama, hata likipimwa kwa chombo kizuri namna gani, halisemi lolote.

Mawe yake yalijitenga katika makundi mawili. Mengine yalielekea kaskazini, mengine kusini. Lakini Matuyama aliuliza pia umri wa kila jiwe, na hapa ndipo alipowapita waliomtangulia. Kwa kuangalia matabaka, ambayo kwa kawaida la chini ni kuukuu kuliko la juu, aliona kwamba mawe machanga yalifuata dira ya leo, na yale yaliyogeuka yalikuwa ya zamani zaidi. Mwaka 1929 aliandika kwamba nguvu ya sumaku ya dunia yenyewe iliwahi kugeuka.

Wachache walimwamini. Hata katika miaka ya 1950 ilionekana Japani kwenyewe, katika mlima Haruna, aina ya jiwe linaloweza kujigeuza usumaku wake lenyewe linapopoa. Basi watu wakasema kwamba huenda mawe yote ya Matuyama yalikuwa hivyo. Tena yeye aliweza kusema jiwe lipi lilitangulia, lakini hakuweza kutaja miaka. Alifariki tarehe 27 Januari 1958, swali hilo likiwa halijajibiwa.

Jibu lilipatikana kwa potasiamu. Sehemu ndogo ya potasiamu iliyo katika mawe hugeuka polepole sana kuwa gesi iitwayo agoni. Lava inapokuwa ya moto gesi hiyo hutoroka; ikiisha kuganda, gesi hunaswa na kuongezeka mwaka hata mwaka. Kwa kuipima, wataalamu hujua umri wa jiwe. Waliyapima mawe ya nchi nyingi, wakaona kwamba yaliyo na umri mmoja yalielekea upande mmoja, popote yalipotoka. Mawe hayawezi kupatana hivyo kila moja likijigeuza peke yake.

Mwaka 1964 Allan Cox na wenzake wawili huko Marekani walivipa vipindi hivyo majina. Kipindi chetu, kilichoanza kama miaka 770,000 iliyopita, kiliitwa Brunhes. Kile kilichotangulia, ambacho kilianza kama miaka milioni 2.6 iliyopita na ambamo dira ingalielekea kusini, kiliitwa Matuyama.

Ndani ya kipindi cha Matuyama palikuwa na muda mfupi ambao dira ingalielekea tena kaskazini. Mwaka 1963 wataalamu walitangaza kwamba wameona usumaku wa namna hiyo katika basalti iliyo chini ya matabaka ya Korongo la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania. Kwa hiyo muda huo, kati ya miaka milioni 1.9 na milioni 1.8 hivi iliyopita, huitwa Olduvai katika vitabu vya nchi zote. Fuvu la Zinjanthropus, ambalo Mary Leakey aliligundua mwaka 1959, lilitoka katika tabaka lililo juu kidogo ya basalti hiyo, nalo ni la muda huo huo.