Wayne Morse: Seneta aliyehama chama mara mbili na bado hakuna aliyemnunua

Wanasiasa wengi wakihama chama, jua kuna kitu wanafuata. Ni cheo, ni chapaa, ama wameona upepo umegeuka. Lakini kulikuwa na msee mmoja Marekani, Wayne Morse, seneta wa Oregon, ambaye alihama chama ikamkula vibaya, akahama tena, halafu akapiga kura iliyomwacha karibu peke yake nchi nzima. Hiyo kura ndio inafanya bado tunamtaja.

Jamaa alizaliwa 20 Oktoba 1900, shambani karibu na Madison, Wisconsin. Alisomea sheria, akaenda kufunza Chuo Kikuu cha Oregon mjini Eugene. 1931, akiwa na miaka 30 tu, alikuwa ashafanywa mkuu wa shule ya sheria. Marekani yote hakukuwa na mkuu wa shule ya sheria mdogo kumliko.

Kazi iliyomjenga jina ni kusuluhisha ugomvi wa wafanyakazi na mabosi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Rais Franklin Roosevelt alimweka kwenye bodi ya taifa ya mambo ya kazi. 1944 akachaguliwa Seneti kwa tikiti ya Republican. Shida ikaanzia hapo. 1947 chama chake kilileta sheria ya Taft-Hartley, ya kupunguza nguvu za vyama vya wafanyakazi. Morse akaipinga. Wazito wa chama wakaanza kumwangalia kwa macho mengine.

Alikuja na kiti chake

1952 Republican walimsimamisha Jenerali Dwight Eisenhower kuwania urais, naye akamchukua Richard Nixon awe mgombea mwenza. Morse akasema hapo amefika. Alitoka chamani wiki chache kabla ya kura, na Eisenhower akashinda kwa kishindo. Mtu wa tumbo hawezi toka kwa timu inayobeba kombe.

Januari 1953 Seneti ikafunguliwa. Republican upande wao, Democrat upande wao. Morse, ambaye sasa hakuwa na chama, akaingia amebeba kiti cha kukunja, akakitegesha katikati kwenye njia. Watu walicheka, lakini yeye alilipa bei. Alipokonywa nafasi kwenye kamati ya majeshi na ile ya kazi, akatupwa kwa kamati ambazo hakuna mtu alikuwa anazing'ang'ania.

Hakunyamaza. Aprili mwaka huo alisimama akaongea masaa 22 na dakika 26 mfululizo, akipinga mswada wa kupatia majimbo mafuta ya chini ya bahari. Mswada ulipita, lakini ile ilikuwa rekodi ya Seneti hadi Strom Thurmond alipoivunja 1957.

Kura moja yenye uzito

Uchaguzi wa 1954 ukaleta hesabu noma. Democrat walipata viti 48, Republican 47, na kiti kimoja kikabaki cha Morse. Angerudi kwa Republican ingekuwa 48 kwa 48, na wa kuvunja sare angekuwa makamu wa rais, yaani Nixon. Ndio, yule yule Nixon.

Morse akaenda upande wa Democrat. Kwa hiyo kura yake, Lyndon Johnson akawa kiongozi wa walio wengi Seneti. Morse naye akapewa nafasi kwenye kamati ya mambo ya nje, na Februari 1955 akajiunga rasmi na chama. Wakosoaji wake walisema ameuza. 1956 akarudi kwa wapiga kura wa Oregon na tikiti mpya, akamwangusha Douglas McKay, aliyekuwa waziri wa Eisenhower. Wananchi wakawa wameamua.

Tusimfanye malaika. Alikuwa mtu wa ugomvi. 1951 farasi alimpiga teke akavunjika taya, na 1959 hiyo stori ikarudi. Alimpinga sana Clare Boothe Luce asiwe balozi Brazil. Mama akapitishwa, halafu akarusha neno kwamba shida za Morse zilianza na teke la farasi. Kelele ikawa mob mpaka akajiuzulu kabla hata ya kusafiri.

Wawili dhidi ya 88

Agosti 1964, Johnson sasa ni rais. Ikatangazwa kwamba boti za Vietnam Kaskazini zimeshambulia meli za Marekani kwenye Ghuba ya Tonkin, mara mbili. Johnson akaitisha Bunge ruhusa ya kutumia nguvu. Ungetarajia Morse apige makofi. Huyu alikuwa mtu wa chama chake, aliyempa kamati.

Akakataa. Alisema meli za Marekani hazikuwa pale kutalii, zilihusiana na mashambulizi ya Vietnam Kusini, na kwamba katiba haimpi rais karatasi tupu ya vita. 7 Agosti kura zikapigwa. Wawakilishi walipitisha 416 kwa 0. Seneti ikawa 88 kwa 2: Morse na Ernest Gruening wa Alaska.

Baadaye ilikuja kujulikana kwamba lile shambulio la pili halikutokea. Kufikia wakati huo vita vilikuwa vimemeza zaidi ya Wamarekani 58,000 na Wavietnam zaidi ya milioni.

Morse hakusubiri hiyo asante. 1968 alipoteza kiti kwa Bob Packwood, tofauti ikiwa kura kama 3,000 tu. 1972 akajaribu tena, akashindwa na Mark Hatfield. 1974 akashinda mchujo wa Democrat, na akiwa bado kwenye kampeni akafariki 22 Julai, miaka 73. Leo mahakama ya shirikisho pale Eugene ina jina lake.

Kwa hivyo siku mwanasiasa wako akihama, usiulize tu anaenda wapi. Angalia ameacha nini nyuma, na siku wenyeji wake wapya watakapokosea, angalia kama atawaambia. Morse alipita hiyo mitihani yote miwili, na ya pili ndio ilimtoa Seneti.