Bwana George Adamson na Simba wa Sinema

Mtu akitoka kutazama sinema huuliza habari za wachezaji: ni akina nani, wametoka nchi gani, wamelipwa fedha ngapi. Ni wachache sana waulizao yule mnyama aliyecheza pamoja nao alipelekwa wapi kazi ilipokwisha. Bwana George Adamson, aliyeishi miaka mingi katika nchi jirani ya Kenya, aliliuliza swali hilo mwaka 1965, na kulijibu kulimchukua miaka yote iliyombakia.

Alizaliwa tarehe 3 Februari, 1906, huko Etawah, Bara Hindi. Akasomeshwa Uingereza katika shule ya Dean Close, mjini Cheltenham, na mwaka 1924 akaja Kenya kumsaidia baba yake katika shamba la kahawa. Kazi ya shamba haikumkaa moyoni. Akaenda kutafuta dhahabu Kakamega, akafanya biashara ya mbuzi na ya nta, akawaongoza wageni waliokuja kuwinda. Hapana hata moja iliyomtajirisha. Wale wenzetu wa darasa la mwisho wanaoona haya kwa kuwa hawajajua watafanya kazi gani na wakumbuke kwamba Adamson alikuwa na miaka 32 alipopata kazi iliyomfaa. Ilikuwa mwaka 1938, alipoandikwa na Idara ya Wanyama kuwa bwana nyama wa wilaya za kaskazini, makao yake Isiolo.

Bwana nyama wa siku zile hakuwa mtu wa kubembeleza simba. Kazi yake ilikuwa kuwakamata wezi wa pembe za ndovu katika nchi kubwa, kavu, yenye njia chache, na kuwapiga risasi simba waliozoea kula ng'ombe au watu. Adamson aliwaua simba wengi. Neno hili huachwa na wengi waandikao habari zake, lakini bila hilo mambo yaliyofuata hayaeleweki vizuri.

Mwaka 1944 alimwoa Joy, mwanamke mchoraji aliyezaliwa katika dola ya zamani ya Austria. Basi siku moja, mwezi wa Februari 1956, akiwa katika kumfuata simba aliyeua mtu, simba jike alimrukia ghafula, naye akampiga risasi. Walipotazama miambani wakaona sababu ya ukali wake: wana watatu, wadogo mno. Adamson akawachukua nyumbani. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Yule mdogo kuliko wote, aliyeitwa Elsa, akabaki, akalelewa, kisha akafundishwa kuwinda na kurudishwa porini. Alizaa huko, na mara kwa mara akaja kuwaonyesha walezi wake watoto. Alikufa kwa maradhi mwezi wa Januari 1961. Joy alikuwa amekwisha andika kitabu juu yake, Born Free, kilichotoka mwaka 1960 na kusomwa duniani kote.

Hapo ndipo watu wa sinema walipoingia. Mwaka 1964 walipiga kambi Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, na Adamson akaajiriwa awe mshauri katika mambo ya simba. Hadithi ilikuwa ya simba mmoja, lakini simba mmoja hawezi kuwa mtoto asubuhi na mama mzima jioni. Kwa hiyo walikusanywa simba wengi wa kila umri. Baadhi yao walitolewa na Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia. Ndugu wawili, dume na jike, walioitwa Boy na Girl, walikuwa wamelelewa na kikosi cha askari wa Kiingereza kilichokuwa Kenya. Dume mwingine, Ugas, alitoka Nairobi.

Kwanza waliletwa simba wa sarakasi pamoja na mwalimu wao. Ikaonekana kwamba simba wa namna hiyo humtii bwana wake peke yake, na mtu mwingine akikaribia ni hatari tupu. Njia ya Adamson ilikuwa nyingine. Hakutumia mjeledi. Wachezaji wakubwa wa sinema hiyo, Bwana Bill Travers na mkewe Virginia McKenna, walitembea na simba siku baada ya siku, wakacheza nao, mpaka simba wakawakubali. Kisha ilibidi kungoja. Simba akitaka kulala, watu wote na mitambo yao walikaa wakimtazama amelala. Nadhani ni haki kusema kwamba waliofundishwa pale walikuwa wanadamu. Hata hivyo mchezo na simba si mchezo: siku moja simba alimrukia Bibi McKenna kwa furaha, akamvunja kifundo cha mguu. Alipopona alirudi kazini.

Sinema ilitoka mwaka 1966 ikapata tuzo mbili za Oscar, zote mbili kwa ajili ya muziki. Simba hawakuambulia kitu.

Lakini ugomvi ulikuwa umekwisha anza kabla ya hapo, siku za mwisho za kupiga picha. Wenye sinema walikuwa wametumia fedha nyingi, wakataka simba wapelekwe katika bustani za wanyama. Adamson akapinga, na Travers na mkewe wakawa upande wake. Sinema yenyewe yasifu kumrudisha simba porini. Iweje basi wale waliocheza hadithi hiyo watiwe vizimbani maisha yao yote? Hoja ilikuwa nzuri, lakini hoja haina nguvu ya fedha. Wengi walikwenda vizimbani, wengine hata Uingereza. Adamson alipewa watatu tu: Boy, Girl na Ugas.

Akawachukua Meru mwaka 1965, akaishi nao katika kambi ya porini. Kumfundisha simba mzima kuwinda ni kazi ya ajabu, kwa maana mwalimu mwenyewe hana kucha wala meno ya kutosha. Yampasa kutembea nao kila siku na kuwaacha wajaribu, washindwe, wajaribu tena. Girl alijifunza upesi. Ugas naye akajiunga na simba wa mwituni. Boy alikuwa rafiki wa watu kupita kiasi, na hilo ndilo lililomponza. Mwaka 1969 alimwuma mtoto mdogo aliyekuwa garini pamoja na baba yake, mkuu wa hifadhi. Baadaye alionekana amevunjika mguu. Madaktari wa wanyama wakamtengeneza mfupa kwa chuma, akauguzwa Naivasha. Meru hapakuwa tena na nafasi yake wala ya bwana wake.

Mwaka 1970 Adamson, mwenye miaka 64 na nywele nyeupe, alihamia Kora, karibu na mto Tana, mahali pa miiba na joto. Huko alipokea pia simba kijana aliyenunuliwa dukani London, jina lake Christian. Watu wa pande zile walimwita Adamson Baba ya Simba. Mwalimu wetu wa Kiswahili angesahihisha, lakini jina lilikwisha kukaa.

Mwezi wa Juni 1971 alikuwa akila chakula cha asubuhi aliposikia ukelele nje ya ua. Msaidizi wake aliyeitwa Stanley alikuwa ametoka kambini kutafuta asali, na Boy alikuwa amemkamata shingoni. Adamson alikimbia na bunduki, akamwua Boy papo hapo. Stanley alikufa baada ya dakika chache. Vitabu na magazeti mengi yamelitaja jina la simba huyo mara nyingi kuliko jina la mtu aliyemwua, nami naona si haki. Wako waliosema tangu mwanzo kwamba simba aliyezoea wanadamu ni hatari kuliko simba asiyepata kuwaona, kwa kuwa hofu yake imekwisha. Na siku ile maneno yao yalikuwa na uzito. Adamson hakuwa na jibu la kuwatosha. Aliendelea na kazi. Mwaka 1980 ndugu yake Terence, aliyekuwa akikata barabara Kora, aliumwa usoni na simba mwingine, na serikali ikazuia kuleta simba wapya kwa miaka kadhaa.

Mwaka huo huo wa 1980, mwezi wa Januari, Joy aliuawa katika hifadhi ya Shaba.

Travers na McKenna nao hawakusahau. Walikuwa wamecheza sinema nyingine Kenya pamoja na ndovu mdogo aliyeitwa Pole Pole, na Adamson mwenyewe alionekana humo. Ndovu huyo alipelekwa London, katika bustani ya wanyama, akafa huko mwaka 1983 angali kijana. Mwaka uliofuata mume na mke wakaanzisha chama cha kuchunguza hali ya wanyama waliofungwa.

Tarehe 20 Agosti, 1989, majambazi wenye bunduki walimshambulia mgeni aliyekuwa njiani kwenda kambi ya Kora. Adamson aliposikia milio alipanda Landrover yake akaenda moja kwa moja kuwakabili. Alipigwa risasi akafa, yeye na wasaidizi wake wawili. Mgeni aliokoka. Adamson alikuwa na miaka 83. Walimzika Kora, kando ya Terence. Boy naye amezikwa huko huko.