Dk. Louis Leakey, Mtunzaji wa Mambo ya Kale

Wasomaji wetu wengi wa Mbulu na Hanang wamepata kupita Karatu na kupanda Ngorongoro, na huko wamelisikia jina la Olduvai. Wengine wamezaliwa wakati Karatu na pwani za Ziwa Eyasi zilikuwa bado ndani ya wilaya ya Mbulu. Kwa hiyo habari za Dk. Louis Leakey si habari za mbali kwetu. Tena alikuwa mtoto wa nyumba ya misheni ya Kanisa letu, ndiyo maana tumeona vema kumweleza katika kurasa hizi.

Alizaliwa Kabete, Kenya, tarehe 7 Agosti 1903. Baba yake, Canon Harry Leakey, alikuwa mmisionari wa C.M.S., naye ni mmoja wa waliotafsiri Biblia kwa lugha ya Kikuyu. Louis alikua pamoja na vijana wa Kikuyu, akaingizwa katika rika lao, na lugha yao ikawa kama lugha ya mama kwake. Baadaye, alipokwenda kusoma Cambridge, aliiomba shule ile ikubali Kikuyu kuwa moja ya lugha zake za mtihani, ikakubali.

Alipokuwa bado mtoto alipewa kitabu juu ya watu wa zamani waliotumia zana za mawe. Basi akaanza kuokota vipande vyeusi vya jiwe la volkano, lile linalong'aa kama kioo, ambavyo mvua huvifukua njiani na mashambani. Watu wa nyumbani walimcheka. Lakini Bwana Arthur Loveridge, mtunzaji wa kwanza wa makumbusho madogo ya Nairobi, alivitazama na kumwambia kwamba baadhi yake kweli ni zana za watu wa kale, akamfundisha kuandika kila kipande kilipookotwa. Mafundisho hayo yalikuwa ya maana kuliko mawe yenyewe, kama tutakavyoona.

Alikusudia kuwa mmisionari kama baba yake. Mwaka 1923 aliumia kichwa katika mchezo wa raga, akashauriwa apumzike masomo. Mwaka uliofuata akaja Tendaguru, karibu na Lindi, pamoja na msafara wa makumbusho ya London uliochimba mifupa ya wanyama wakubwa mno wa kale. Huko alijifunza kazi ngumu ya kutoa mfupa ardhini bila kuuvunja na kuufunga usafiri salama. Tangu hapo hakurudi nyuma.

Mwaka 1931 alikwenda Olduvai pamoja na Profesa Hans Reck, Mjerumani aliyechimba huko mwaka 1913, akapata mifupa ya mtu na kuipeleka Ujerumani. Reck alisema hakuna zana za mawe pale. Leakey aliweka dau la pauni 10 kwamba ataziona kabla ya siku moja kwisha, naye akashinda. Kuhusu ile mifupa ya Reck, mwanzoni Leakey alikubali kwamba ni ya kale sana, kisha mwaka 1933 ikabidi wote wawili wakiri kwamba ni maiti aliyezikwa baadaye katika udongo wa zamani. Sehemu kubwa ya mifupa hiyo ilipotea wakati wa Vita Kuu ya Pili, fuvu likasalia.

Aibu kubwa zaidi ilikuwa ya Kanam, karibu na Ziwa Viktoria. Mwaka 1932 alipata huko kipande cha taya, akakitangaza kuwa cha mtu wa kale kabisa. Mtaalamu wa miamba, Profesa Boswell, alikuja mwaka 1935 kuona mahali penyewe. Leakey hakuweza kumwonyesha kwa hakika. Vigingi vya chuma alivyoweka vilikuwa vimeng'olewa, na picha aliyoitoa ilikuwa ya mahali pengine. Boswell akaandika hayo hadharani, na njia ya Leakey huko Cambridge ikafungwa. Kitu kisichojulikana kimetoka wapi hakisemi kitu, hata kikiwekwa katika sanduku la kioo.

Hatupendi kuficha kwamba siku hizo hizo alimwacha mkewe Frida na watoto wawili, mmoja akiwa mchanga, akamwoa Mary Nicol mwaka 1936. Jambo hilo liliwahuzunisha sana wazazi wake. Hata hivyo Mary ndiye aliyekuwa makini kuliko yeye katika uchimbaji, na mengi yanayosifiwa kwa jina la Leakey yalitoka mikononi mwake.

Mwaka 1935 walizunguka sehemu zetu hizi: Engaruka, penye magofu ya mawe na mifereji ya mashamba, Laetoli, na miamba ya Kondoa yenye michoro, jirani kabisa na Hanang. Huko Kondoa Mary alirudi mwaka 1951 kuinakili michoro ile kwa mkono, miezi mingi. Tunasikitika kwamba watu wanaotafuta mali inayosemwa kuwa ya Wajerumani wamechimbua chini ya baadhi ya miamba hiyo. Hawapati dhahabu, nao wanavuruga udongo ambao ndio kitabu chenyewe.

Wakati huo huo Mjerumani mwingine, Ludwig Kohl-Larsen, aliokota vipande vya fuvu kando ya Ziwa Eyasi, na msafara wake ukachimba pango la Mumba. Vitu vingi alivyokusanya vilikwenda Ujerumani. Leakey naye alipeleka vyake London. Tusidhani ni Wajerumani tu. Jino moja aliloliokota Laetoli mwaka 1935 liliwekwa katika makumbusho ya London likaandikwa kuwa la nyani. Mwaka 1979 ndipo mtaalamu mmoja alipolitazama upya akagundua kwamba ni la jamii ya binadamu wa kale. Lilikaa miaka 44 ndani ya droo.

Mwaka 1941 alianza kuyatunza Makumbusho ya Coryndon, Nairobi, kwanza bila mshahara, na tangu 1945 kwa kulipwa. Alifungua milango kwa Waafrika na Waasia, jambo ambalo wakati ule si Wazungu wote walilipenda. Siasa zake wakati wa Mau Mau ni habari nyingine. Alisimama upande wa serikali ya kikoloni, na marafiki wengi wa utoto hawakumsamehe.

Tarehe 17 Julai 1959 Leakey alikuwa mgonjwa hemani pale Olduvai. Mary alitoka peke yake na mbwa wake, akaona meno mawili makubwa yakitokeza udongoni. Lilikuwa fuvu lililovunjika mamia ya vipande, wakaliunganisha kwa subira. Leakey aliliita Zinjanthropus, kwa jina la zamani la pwani yetu, na baadaye wapimaji walisema lina umri wa miaka milioni 1 na laki 7 na nusu. Lilikaa kwanza Nairobi. Tanganyika ilikwisha pata uhuru, na sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 ikaviweka vitu kama hivyo chini ya ulinzi wa serikali. Mwaka 1965 Leakey alilileta fuvu hilo Dar es Salaam akalikabidhi kwa taifa, na mpaka leo ni mali ya Makumbusho ya Taifa.

Watu walimwuliza mara nyingi kama mifupa hii haikuvunja imani aliyolelewa nayo. Yeye hakuona ugomvi kati yake na Maandiko.

Alikufa London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru, karibu na wazazi wake. Mary aliendelea na kazi. Mwaka 1978 na 1979 kundi lake lilifukua Laetoli nyayo za viumbe waliotembea wima kabla ya miaka milioni 3 na nusu. Walizipiga picha, wakachukua nakala, kisha wakazifunika tena kwa udongo. Migunga ikaota juu yake, mizizi ikaanza kupenya, hata ikabidi kufukua na kufunika upya mwaka 1995 na 1996. Mary alikufa mwezi Desemba mwaka huo. Nakala ya nyayo hizo huonyeshwa katika makumbusho ya Olduvai. Zenyewe zimo chini ya udongo.