Maisha ya Munganga Carl Becker wa Oicha na Nyankunde

Leo tunawaletea maisha ya munganga. Tumemchagua sababu kila mwaka wengi wetu wa kalasi ya sita, wakiulizwa watasoma nini kisha mtihani wa Serikali, wanajibu: uganga. Ni jibu zuri. Lakini munganga ni mtu wa namna gani, na kazi yake inabaki vipi kama yeye mwenyewe ameondoka? Tuangalie maisha ya huyu mzee.

Carl Becker alizaliwa mwaka 1894, akakomalia Manheim, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Baba yake alikufa mapema, na kijana akapashwa kutumika ili asaidie mama na dada yake. Juu ya hiyo alikawia kuanza uganga. Aliingia chuo cha Hahnemann, mjini Philadelphia, mwaka 1916, akiwa na miaka 22. Kisha kumaliza, akamuoa Marie, wakapanga katika mji mdogo wa Boyertown. Wagonjwa walikuwa wengi na franga hazikukosa.

Mwaka 1929 barua ikamfikia kutoka kwa mzee Charles Hurlburt wa misioni ya Africa Inland Mission. Mkwe wa mzee huyo, mwanamke munganga, alikuwa amekufa huku Kongo, na hapakuwa mtu wa kushika mahali pake. Becker akaacha kazi yenye kumletea zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka, akakubali dola 60 kwa mwezi. Tufanye hesabu hiyo wenyewe, sisi wenye kuhesabu mshahara mbele ya kupata diploma.

Kwanza alikaa Katwa, karibu na Butembo. Mwaka 1934 akahamia Oicha, ndani ya pori la Ituri, kaskazini ya Beni. Alianza katika nyumba za udongo. Pale alikuwa mpasuaji, mzalishaji, munganga wa watoto na munganga wa wenye kupotewa na akili, yote mtu mmoja. Wambuti wa porini nao walimfikia, maana walisikia ya kwamba pale hawafukuzwi.

Lakini kazi yenye ilimjulisha mbali ni ile ya ukoma. Siku zile mwenye ukoma alifukuzwa mjini na watu walisema amelaaniwa. Sisi wenye kusoma biolojia tunajua ya kwamba ukoma ni mikrobi yenye kushambulia ngozi na mishipa ya fahamu. Mgonjwa hasikii tena moto wala mwiba, anaumia bila kujua, na vidonda ndivyo vinakula vidole vyake. Dawa ya zamani ilikuwa mafuta ya mti unaoitwa chaulmoogra, yalipigwa kwa sindano, yaliuma sana na yalisaidia kidogo tu. Kisha katika miaka ya 1940 zikatokea dawa mpya za jamii ya sulfoni. Becker akazitumia na kuandika kwa uangalifu matokeo ya kila mgonjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wagonjwa wa ukoma karibu 4,000 walikuwa wanatunzwa Oicha. Hata munganga Robert Cochrane, mwenye kujua ukoma kuliko wengi duniani wakati ule, alifika kuangalia. Leo ugonjwa huu unapona kabisa kwa vidonge vya miezi 6 ao 12, tena bila malipo.

Sasa tufike kwenye jambo lenye tulitaka kusema. Munganga mmoja kwa maelfu ya watu hatoshi, hata kama halali usingizi. Becker aliona hiyo mapema, akafundisha vijana wa pale pale: kupima damu kwa darubini, kutoa dawa, kufunga vidonda, kusaidia katika kupasua. Tusisahau utawala wa Wabelgiji ulivyokuwa. Mkongomani aliweza kuwa muuguzi ao msaidizi wa munganga, basi, mlango ulifungwa hapo. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, inchi hii kubwa haikuwa na Mkongomani hata mmoja mwenye diploma ya munganga. Waganga wageni wengi wakakimbia, na mahospitali mengi yakabaki mikononi mwa wauguzi. Pale walipofundishwa vizuri, wagonjwa waliendelea kutunzwa.

Mwaka 1964 ikaja vita ya Simba. Wazee wetu wa Bukavu wanakumbuka mwezi wa Agosti mwaka ule, Simba walipofika mpaka ndani ya mji. Becker alikuwa na miaka 70. Akakimbilia Uganda pamoja na wenzake. Kwa umri ule mtu anarudi kwao kupumzika, na hakuna mwenye angemlaumu. Yeye alirudi Kongo mwaka 1965, na hakurudi kujenga tena hospitali ya mtu mmoja. Misioni mbalimbali zikakubali kuunganisha nguvu pale Nyankunde, karibu na Bunia: hospitali moja kubwa, masomo ya wauguzi, na ndege ndogo za kupeleka waganga kwa mahospitali ya mbali. Helen Roseveare, munganga Mwingereza mwenye aliteswa sana katika vita ile, naye akarudi, akafundisha wauguzi pale mpaka mwaka 1973. Becker mwenyewe aliondoka mwaka 1976, amepita miaka 80. Alikufa kwao Marekani mwaka 1990.

Hadithi haikuishia kaburini. Tarehe 5 Septemba 2002 watu wenye silaha walishambulia Nyankunde. Watu zaidi ya 1,000 waliuawa siku zile, hata wagonjwa juu ya vitanda. Wenye kupona walitembea siku nyingi porini mpaka Oicha na Beni. Manyumba yaliharibika, vyombo vikaibiwa. Lakini masomo ya wauguzi yaliendelea Beni, na hospitali ya Nyankunde ilifunguliwa tena, mikononi mwa Wakongomani.

Huku kwetu Kivu ya Kusini tunajua mambo ya namna hiyo. Hospitali ya Lemera ilishambuliwa tarehe 6 Oktoba 1996, wagonjwa wakauawa. Munganga Denis Mukwege, mwenye alitumika pale, akaanzisha Panzi mwaka 1999, hapa hapa mjini Bukavu.

Basi, wandugu wa kalasi ya sita, manyumba yanaweza kuchomwa kwa siku moja. Ujuzi wenye umeingia katika mikono ya watu wengi hauchomeki. Munganga mwenye kuficha ujuzi wake ili aheshimiwe peke yake, kazi yake inazikwa pamoja naye. Mwenye kufundisha anaacha wengine wakitumika. Mwenye kutaka uganga ajiulize tangu leo: rafiki yangu akishindwa kemia, ninamweleza, ao ninafunika daftari yangu kwa mkono?

Tunawatakia wote mtihani mwema.