Frank Weston, Askofu wa Zanzibar (1871–1924)

Ndugu zangu wanajumuiya, kila Desemba tunapokutana kuadhimisha Uhuru, watoto wetu husikia majina ya waliotutoa utumwani na ukoloni. Mwaka huu naomba tumkumbuke mtu aliyefariki miaka 37 kabla ya Uhuru wa Tanganyika, tena Mwingereza, mzaliwa wa London.

Frank Weston alisoma teolojia Oxford, akafaulu kwa daraja la kwanza. Angeweza kubaki chuoni, lakini alikwenda kuhudumu Stratford, mashariki ya London, penye umaskini mkubwa wakati ule. Wengi wetu tunabadilisha treni pale tukienda kazini, bila kujua kuwa alipita hapo kabla ya kufika kwetu.

Alifika Unguja mwaka 1898 na misheni ya UMCA. Mwaka mmoja nyuma, amri ya Sultani ilikuwa imefuta utumwa kisheria. Kanisa kuu la Mkunazini lilisimama tayari palipokuwa soko la watumwa. Weston alijifunza Kiswahili, akawafundisha vijana wa Kiungani, na mwaka 1908 akawekwa askofu. Mwaka 1911 alianzisha shirika la masista waliofundisha shule na kuuguza wagonjwa. Mimi niliyesomea uuguzi ugenini nawahesabu masista hao kuwa dada zangu wakubwa wa kazi.

Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Uingereza lilihitaji wapagazi. Weston alijitolea kuwaongoza wapagazi wa Zanzibar yeye mwenyewe ili wasidhulumiwe. Akapewa cheo cha meja, akatembea nao kwa miguu huko bara. Katika vita ile wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Hapa sitaki kuwaficha watoto wetu jambo: aliwalinda watu wake, lakini mizigo waliyobeba ilikuwa ya vita vya wakoloni, naye alikuwa ofisa wa jeshi hilo.

Labda ndiyo sababu hakunyamaza vita vilipokwisha. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ya Kenya iliwaagiza maofisa wake wahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Kila mtu alijua kuhimizwa na mkuu wa wilaya maana yake nini. Baadhi ya viongozi wa misheni wa Kenya na Uganda waliona kazi ya lazima inaweza kukubalika, mradi serikali iisimamie. Weston alikataa. Mwaka 1920 alitoa kijitabu akiishutumu Uingereza kwa kuwatumikisha Waafrika kwa faida ya wengine. Kwake huo ulikuwa utumwa uliobadilishiwa jina, na Mkristo hana ruhusa ya kuubariki. Hakuwa peke yake katika kupinga, na mwaka 1921 serikali ya London ilizuia maofisa kuwatafutia walowezi vibarua.

Mwaka 1923 alialikwa kuongoza mkutano mkubwa katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Waliohudhuria walipenda ibada yenye mishumaa na ubani, kama yeye. Aliwaambia kuwa hawawezi kumwabudu Yesu altareni huku wakimpita katika maskini wa mitaa ya mabanda. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Novemba, alifariki Hegongo, karibu na Magila, Muheza, akiwa na miaka 53.

Wodini nimejifunza kuwa mgonjwa mwenye maumivu hasikii maneno yako mpaka umemgusa kwanza. Weston hakuacha kuhubiri hata siku moja, ila alijua kuwa Mwafrika aliyelazimishwa kulima shamba la mlowezi angeyapima mahubiri kwa kumtazama mhubiri amesimama upande gani.

Watoto wetu, mtakapokwenda likizo Dar es Salaam mtapelekwa Kariakoo kununua nguo na viatu. Jina hilo limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Wakumbukeni wale wanaume, ambao majina ya wengi wao hayakuandikwa popote.