Lord Kelvin: Mtaalamu wa joto aliyepima kwanza

JOKOFU la dukani na tangi la kupozea maziwa hufanya kazi moja: kuhamisha joto kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Aliyeonyesha kwamba njia hiyo hiyo inaweza kupasha nyumba joto ni William Thomson, anayejulikana zaidi kama Lord Kelvin.

Alizaliwa Belfast, Ireland, Juni 26, 1824. Baba yake, mtoto wa mkulima, alisoma hesabu hadi akawa profesa. Mama yake alifariki William akiwa na miaka sita, na baadaye familia ikahamia Glasgow, Scotland. Huko aliingia chuo kikuu akiwa na miaka 10 tu. Mwaka 1846, akiwa na miaka 22, akawa profesa wa chuo hicho hicho, kazi aliyoifanya kwa miaka 53.

Mwaka 1852 alieleza jinsi mashine inayoendeshwa na injini inavyoweza kuchukua joto la hewa ya nje, hata wakati wa baridi, na kuliingiza ndani ya jengo. Alionyesha kuwa mafuta yanayohitajika ni machache kuliko kuyachoma moja kwa moja kwa ajili ya joto. Hiyo ndiyo pampu ya joto. Hata hivyo, enzi hizo makaa ya mawe yalikuwa mengi Uingereza, na wazo hilo halikupata wanunuzi.

Upande wa kupoza ulipata soko mapema. Ndugu wawili wa Glasgow, waagizaji wa nyama, walimwendea kwa ushauri. Mashine ya Bell-Coleman iliyotokana na juhudi zao ilifungwa katika meli ya Strathleven, iliyofika London Februari 1880 na tani zipatazo 40 za nyama iliyogandishwa kutoka Australia. Wafugaji wa mbali wakafunguliwa soko jipya.

Lakini somo kubwa la maisha yake linahusu fundi. Mwaka 1858 waya wa telegrafu ulitandazwa chini ya bahari ya Atlantiki kwenda Amerika Kaskazini. Thomson alishauri utumike umeme mdogo na chombo chepesi cha kupokea ishara. Fundi mkuu wa kampuni, Wildman Whitehouse, alipeleka umeme wa volti zipatazo 2,000. Waya, ambao tayari ulikuwa na kasoro, ulikufa baada ya wiki chache na mtaji ukazama.

Mwaka 1866 waya mwingine ulitandazwa kwa kufuata vipimo vya Thomson, ukafanya kazi. Mwaka huo alipewa hadhi ya Sir, na hataza za vyombo vyake zikamletea utajiri.

Leo pampu za joto zinafungwa katika nyumba za zamani za Uingereza, na hesabu zake bado zinatawala. Kadiri tofauti kati ya baridi ya nje na joto linalotakiwa inavyokuwa kubwa, ndivyo mashine inavyokula umeme zaidi. Nyumba kuukuu inayopoteza joto kupitia dari na madirisha huhitaji maji ya moto zaidi kwenye mabomba, hivyo gharama hupanda.

Kwa hiyo fundi mzuri hupima kila chumba kinapoteza joto kiasi gani, hushauri kuziba mianya, ndipo achague ukubwa wa mashine. Anayetaja bei kabla ya kupima anabahatisha kwa fedha za mteja.

Lord Kelvin alifariki Desemba 17, 1907, akazikwa Westminster Abbey, London.

Mfanyabiashara anayetaka chumba cha baridi cha kuhifadhia nyama au mboga anaweza kumuuliza fundi swali hilo hilo: ukubwa huu umeupataje? Kama hakuna vipimo, ni heri kutafuta fundi mwingine kabla ya kulipa malipo ya awali.